Taa za Kwenda Mizingani

Pikipiki yangu ya matairi manne ilikuja na taa moja mbele, na taa hiyo haikuwahi kunionyesha kitu cha maana. Ilimulika kipande cha ardhi kilichokuwa karibu kukanyagwa na tairi, basi. Kisiki kilichokaa mbele kidogo nilikijua kwa kukigonga.

Niliinunua kutoka kambi moja ya uwindaji iliyokuwa inafungwa. Majirani zangu wa Mtendeni walidhani nimejinunulia mchezo wa watoto wa matajiri, lakini mimi nilikuwa na sababu. Baba alituachia mizinga, mimi na dada yangu mkubwa, imetundikwa kwenye miti ya miombo mbele ya seminari ya Kipalapala, kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe siku hizi ni mchanga mtupu uliokatwa na magurudumu ya mikokoteni. Pikipiki ya kawaida ikibeba ndoo za asali humo huyumba na kulala chini. Hii ya matairi manne hailali. Ila asali hurinwa gizani, ama alfajiri ama jua likishazama, nyuki wakiwa wametulia, na gizani ndiko nilikokuwa sioni.

Nikanunua taa mbili za LED, zile ndefu za kufunga juu ya bampa, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi mjini. Alinijaribishia moja kwa betri iliyokuwa chini ya meza yake, na duka zima likawa jeupe. Nilitoka pale nikijiona nimemaliza kazi.

Fundi niliyempata yuko Gongoni, mtu wa makamo mwenye kibanda nyuma ya maduka. Alizitazama taa, akaitazama pikipiki, akachomoa waya wa taa ya zamani.

"Hii ni kazi ndogo, mzee," akasema. "Tunaungia hapa hapa. Ukiwasha ya zamani, na hizi zinawaka."

"Huo waya si mwembamba?"

"LED hazili umeme. Ndiyo sifa yake."

Sentensi hiyo niliisikia kwa watu wengi baada ya hapo, kila mmoja akiitamka kama amenifumbua macho. Jioni ya kwanza niliporudi kutoka kwa dada yangu na taa zote tatu zikiwaka, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla sijafika nusu ya njia. Nikasimama, nikazima. Waya ulikuwa umelainika na ganda lake limeshikana na la jirani yake. Nilimaliza safari kwa tochi ya simu niliyoibana kwa meno.

Fundi hakuona kosa. Alikata waya ulioungua, akaleta mnene zaidi, akaupeleka moja kwa moja kwenye betri, chini ya kiti, na swichi yake pembeni ya usukani. Safari hii zilimulika mpaka miti ya mbali. Nilimshukuru kwa moyo wote, na nilikuwa nimemshukuru mapema mno.

Kwenda kurina tulikwenda alfajiri, mimi na dada. Yeye ni mjane, analima mahindi na karanga karibu na seminari, na tangu utotoni yeye ndiye anayepanda mtini. Mimi hukaa chini na ndoo. Tulisogea mzinga hadi mzinga. Kila mahali nilizima injini asivute moshi wake, na kwa kuwa alitaka kuona anapokanyaga wakati wa kuandaa kamba, niliacha taa zikiwaka kidogo kabla ya kuanza kazi yenyewe. Jua lilipochomoza ndoo zilikuwa zimejaa. Tukazifunga nyuma, dada akakaa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikalia tik. Nikabonyeza tena, hata ile tik haikuja.

Pikipiki hii haina kiki, wala haiwaki kwa kusukumwa. Dada alinisubiri nijaribu kila kitu nilichoweza kujaribu, akashuka.

"Imekufa?"

"Betri imeisha."

"Imeishaje wakati ilikuwa nzima tulipotoka?"

"Taa, dada."

Akazitazama zile taa mbili.

Aliyetuokoa ni mkulima mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni wa ng'ombe, anarudi kutoka mashineni na magunia yake ya unga. Alitusalimia kwa Kinyamwezi, dada akamwitikia, wakaulizana habari za mashamba mpaka zikaisha, ndipo akauliza tumekwama na nini. Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaamua kwamba kuzungumza hakutatufikisha. Akafunga mnyororo kwenye bampa yangu, chini kidogo ya taa, na ng'ombe wakatuvuta. Mimi nilikaa kwenye pikipiki nikishika usukani, dada alipanda mkokotenini juu ya unga. Tulipopita Kipalapala vijana wa seminari walikuwa bustanini. Wakaegemea majembe yao, wakatutazama hadi tulipopotea. Mmoja alipunga mkono. Dada akampungia.

Kuanzia hapo ushauri ulinijia bila kuuomba. Mwingine alisema betri ni ya zamani, nikanunua mpya, nayo ikaisha vilevile. Mwingine akasema taa ni za bei rahisi. Fundi akashikilia kwamba nazisahau zikiwaka. Tulibishana kibandani kwake mpaka wateja wengine wakanyamaza wasikilize.

"Mzee, mimi nimefunga taa hizi kwenye malori," akasema. "Hakuna lori lililolala porini."

"Lori si hii."

"Umeme ni umeme."

"Basi nipime. Tuone injini inatoa kiasi gani na taa zinachukua kiasi gani."

"Ukitaka kupima, pima. Mimi nina kazi hapa."

Nikapima. Niliazima mita ya umeme kwa jirani anayetengeneza redio, nikainua kiti, nikagusisha ncha zake kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Bila taa, ilisoma juu kidogo ya volti kumi na nne, yaani betri ilikuwa inachajiwa sawasawa. Nikawasha taa moja, ikashuka lakini ikasimama mahali pazuri. Nikawasha ya pili. Namba zikateremka taratibu mbele ya macho yangu hadi chini ya kumi na mbili, na hata nilipoongeza mafuta hazikupanda kwa kiasi cha maana. Injini ile ndogo ilitengenezwa kulisha taa yake moja dhaifu na plagi ya kuwashia, na mimi nilikuwa nimeiletea wageni wawili wenye njaa. Nilikaa chini kwenye saruji nikiwa na mita mkononi. Nilikuwa nimehangaika muda wote huo kwa jambo ambalo kipimo kimoja kingeniambia tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetaka kukifanya, mimi nikiwemo.

Nikaondoa taa moja. Nikarudi kwa yule mzee wa duka kununua fyuzi na rilei, kile kiboksi kidogo kinachopitisha umeme wa taa pale tu funguo ya pikipiki inapofunguliwa, ili nikizima injini na taa izime yenyewe. Nilifunga mwenyewe, uani. Niliwasha na kuzima mara nyingi, ikatii kila mara.

Siku ya kwenda nayo ilikuwa jioni. Tulifika mizingani giza ndilo kwanza linaingia. Dada akapanda na moshi wake, akaanza kufungua mzinga. Nikageuza funguo kuzima. Injini ikanyamaza, taa ikabaki inawaka.

Niligeuza funguo kwenda na kurudi. Nikabonyeza swichi ya usukani. Ikabaki inawaka, kali, nyeupe, imeelekea mtini. Kiboksi kilikuwa kimegandia ndani. Na nyuki gizani huufuata mwanga. Kila mrina asali anajua, ndiyo maana hatukai na taa mzinga ukiwa wazi. Walishuka kama maji yanayomwagwa.

"Zima taa," dada akasema kutoka juu, bila kupaza sauti.

"Haizimiki."

"Basi ondoka hapo."

Sikuondoka, kwa sababu betri ilikuwa chini ya kiti na taa ingeita wengine zaidi. Niliinua kiti wakiwa kwenye vidole, shingoni, ndani ya kola. Nikashika waya na kuuvuta kwa nguvu zote hadi ukatoka na skrubu yake. Giza likarudi. Nikakimbia, nikajilaza kwenye nyasi, nikafunika kichwa kwa shati.

Dada alimaliza mzinga wake kwanza. Kisha akashuka, akanitafuta kwa mlio wa kukoroma kwangu, maana pua ilikuwa imeanza kuziba. Akanipapasa uso, akaanza kuning'oa miiba kwa kucha, mmoja mmoja.

"Mimi nimekaa nao juu," akasema, "hakuna aliyenigusa. Wewe umekaa na pikipiki."

Asubuhi nilikwenda dukani nikiwa na jicho moja tu linalofunguka. Mzee wa duka alinipa pole, akakichukua kile kiboksi, akakitikisa sikioni kwake. Alisema ameuza vingi na hakuna aliyerudisha. Lakini alinibadilishia, akaniongezea swichi kubwa ya kukata betri, ya kuzungusha kwa mkono. "Hii ukizungusha, hakuna kinachobaki," akasema. Nimeifunga ubavuni, ninapoweza kuifikia hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa taa inawaka. Inazima nikitaka izime. Betri haijaisha tena. Watu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo, kwa ufupi, maana nikianza kueleza nasikia hasira zinanipanda upya.

Juzi nilimrudisha dada kwake na ndoo nyuma. Nilikuwa naona njia yote, kila shimo na kila mzizi, nikaenda kwa kasi ambayo sijawahi kwenda nayo. Akanigonga begani.

"Punguza mwendo."

"Naona vizuri, dada."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Ulipokuwa huoni ulikuwa unaendesha kama mtu mzima."

Nikapunguza. Injini ilipolegea, mwanga nao ukafifia kidogo, kidogo tu, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya. Nilikaza macho kwenye ile taa, nikisubiri ifanye tena, hadi tulipofika kwake, na aliponiaga sikumsikia.