Kundi la Kwanza Hurudi Joshoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kumwamuru mzee aliyemzidi baba yangu umri. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori huko Ushetu, nimevaa sketi iliyopigwa pasi ya mkaa na raba nyeupe ambazo hadi adhuhuri zilikuwa na rangi ya samadi. Wafugaji walinitazama, wakamtazama Bwana Mifugo wa Wilaya aliyenileta, wakamuuliza bwana mifugo mpya yuko wapi. "Ndiye huyu," akasema. Wakacheka sana. Leo nina wajukuu, na bado wapo watu wanaonitazama huku wakimtafuta mwenye kazi.

Kwa nyinyi mliokua mkiona dawa ya kupe inapulizwa kwa bomba la mgongoni, nieleze kidogo. Josho ni mfereji wa saruji uliochimbwa ardhini, wenye maji yaliyochanganywa na dawa ya kuua kupe. Ng'ombe huruka ndani upande mmoja, huzama mpaka pembe, huogelea, hupanda ngazi upande wa pili, kisha husimama kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa iwachuruzike na kurudi shimoni. Lazima wawe wamenyweshwa kwanza, maana ng'ombe mwenye kiu ataibugia dawa. Taabu yote hiyo ni kwa sababu ya kupe, anayejificha ndani ya sikio na chini ya mkia, na kuleta ndigana kali, ugonjwa unaovimbisha tezi na kuua ndama huku wenyewe bado mnabishana nani alaumiwe.

Sasa, dawa ya josho hulala. Josho likikaa bila kutumika, dawa hushuka chini ikatulia, na juu hubaki maji yasiyo na nguvu. Kundi la kwanza kuingia ndilo huikoroga kwa miguu yake. Lenyewe hutoka limelowa tu, na kupe wake wako hai, wameoga vizuri. Kwa hiyo kundi la kwanza hurudishwa, likapita tena. Hakuna mfugaji asiyelielewa jambo hilo ukimweleza nyumbani kwake mkinywa maziwa. Tatizo ni kwamba kwetu mwenye ng'ombe wengi ndiye hutangulia, kwa heshima yake, na mwenye heshima hataki kurudishwa mbele ya watu kama mtoto aliyesahau kunawa.

Siku ile alitangulia mzee mmoja aliyeitwa Masanja, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Bwana Mifugo wa Wilaya akaninong'oneza, "Kamwambie awarudishe." Nikaenda, nikapiga goti kama nilivyofunzwa nyumbani, nikamwamkia, nikasema nilichotumwa. Mzee akauliza, "Wewe binti wa nani?" Nikamtajia baba yangu. "Basi mwambie baba yako aje aniambie yeye." Ng'ombe wakaondoka zao na kupe wao.

Nilirudi machozi yakinilengalenga. Bwana Mifugo wa Wilaya hakunigombeza. "Kanuni za josho unazijua," alisema. "Ulichokosa ni mvi, na mvi haziuzwi dukani. Fanya kazi, zitakuja." Niliona ananidhihaki, nikamchukia mpaka siku ya mshahara.

Kutoka Ushetu nilihamishiwa upande wa Bulyanhulu. Huko vijana walikuwa wamewaachia wazee ng'ombe, wakaingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kila mfugaji niliyemfuata kwa ajili ya chanjo niliambiwa yuko mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu. Mkuu wangu wa kituo alikuwa mtu wa vikao. Ndama wakifa, "Mama, tuitishe kikao." Wasipokufa, tuitishe kikao tujue kwa nini. Baadaye nilipelekwa Geita, chini ya Daktari wa Mifugo mmoja aliyekuwa mkali kama pilipili kichaa lakini anayejua kazi. Yeye alisema, "Usiniletee ripoti, nioneshe sikio," maana yake nimpeleke zizini aingize kidole chake mwenyewe kwenye sikio la ng'ombe atafute kupe. Huyo nilimpenda. Mwishowe nikahamishiwa Shinyanga mjini, ofisini, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda friji la chanjo na kugombana na umeme. Mvi zilianza kuota hapo, na wa kumwonesha alikuwa friji.

Kisha nikastaafu. Siku ya kuniaga, kila aliyeshika kipaza sauti alisema utu uzima dawa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Baada ya hotuba wakanizawadia kiti cha kuegemea, kikubwa, cha sponji, ambacho ilibidi king'olewe miguu ndipo kipite mlangoni kwa binti yangu Kulwa, mwalimu, niliyekwenda kuishi naye Ngokolo, hapo hapo mjini. Dawa gani hiyo inayosifiwa halafu inafungiwa kabatini?

Kulwa ni mtoto mzuri, na wema wake ulikaribia kuniua. Nikishika ndoo, "Mama, pumzika." Nikichambua mchicha, pumzika. Nikikohoa, pumzika.

"Kulwa, nimechoshwa na nini?"

"Umri, mama."

"Kwani umri ni gunia, nimeubeba kichwani?"

"Mama, umeshafanya kazi yako. Sasa kaa tukutunze."

Nikakaa. Nilikaa mpaka nikazijua sauti za pikipiki zote za mtaa. Nilikuwa na hasira na kila mtu, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Niliogopa kwamba wanasema kweli, kwamba nimekwisha, na kwamba heshima hii yote ni adabu ya kunisogeza kando watu wapite. Vijana mnaosoma haya, mkiwa na mzee nyumbani, mpeni chai na blanketi, lakini muulizeni pia leo anafanya nini.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa Elias, afisa mifugo kijana aliyepangiwa Ushetu. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akanieleza kwamba lile josho langu la kwanza, lililokuwa limekauka miaka mingi hadi watu wakaanika mpunga kwenye sakafu yake, limekarabatiwa. Kamati ya josho imenichagua niwe mlezi.

"Mlezi anafanya nini?"

"Anakaa meza kuu, mama."

Nilitaka kukata simu. Nilikwenda kwa sababu nililitamani josho, si kwa sababu ya meza.

Siku ya ufunguzi nikaketishwa chini ya turubai, kwenye kiti kilichofungwa kitambaa cha kung'aa, nikavishwa khanga mpya na kupewa soda. Nilipojaribu kusogea nikaone kipimo cha dawa, mjumbe mmoja wa kamati akanishika mkono kana kwamba nataka kuvuka barabara kuu. "Mama, tutakueleza kila kitu, wewe kaa."

Ng'ombe wakaanza kuingia. Aliyetangulia alikuwa Mzee Masanja, mtoto wa yule Masanja wa kwanza, naye sasa ni mzee mwenye fimbo na kofia ya pama. Kundi lake likaruka, likaogelea, likatoka likichuruzika, na wachungaji wake wakaliswaga moja kwa moja kuelekea lango la kwenda nyumbani. Nikamtazama Elias. Elias alikuwa anatazama viatu vyake.

"Elias, hawa si wanarudi?"

"Wanatakiwa kurudi, mama. Kamati yote niliiambia."

"Sasa?"

"Yule ni sawa na babu yangu. Nitamwambiaje mbele za watu?"

Hapo ndipo moyo ulinilipuka. Kijana huyu alijua kila nilichojua, na mengine zaidi. Alichokosa ni kile kile nilichokosa mimi siku ile ya raba nyeupe, na mimi nilikuwa ninacho tele, nimekikalisha chini ya turubai na soda mkononi. Nikaiweka soda chini. Mjumbe akainuka kunizuia, nikamwambia akae yeye. Nikaenda mpaka langoni, nikasimama katikati, ng'ombe wakasita.

"Mwangaluka, Mzee Masanja," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama. "Rudi kivulini, jua litakuumiza."

"Nitarudi. Na ng'ombe wako warudi joshoni."

"Wameshaoga."

"Wamekoroga tu. Kuoga bado."

"Yaya!" akasema, yaani hapana. "Ng'ombe wa Masanja hawarudi nyuma. Hata baba yangu hakurudi, hapa hapa."

"Najua. Ni mimi niliyetumwa kumwambia. Akaniuliza mimi binti wa nani." Nikafungua kilemba, nikakitupa begani. "Haya, niulize na wewe."

Mzee alikitazama kichwa changu, cheupe kama pamba ya msimu mzuri, akatazama umati, akanitazama tena. Kisha akapiga mluzi kwa wachungaji wake, akageuka upande mwingine asione, na kundi likarudishwa. Hakuniaga.

Mngedhani mambo yameisha. Hamwajui watu wetu. Nilimwambia Kulwa kwamba sirudi kukaa Ngokolo, nimepanga chumba karibu na josho. Akalia, akaniuliza kiti tukifanyeje, nikamwambia akikalie yeye akitoka shule, amechoka kuliko mimi. Siku ya kuogesha iliyofuata nikafika asubuhi, buti miguuni, tayari kwa ugomvi wa nani atangulie. Makundi yalikuwa yamejaa mpaka barabarani, na hakuna aliyetaka kutangulia! Wote walikuwa wameona kwamba wa kwanza hurudishwa.

"Tangulia, mkubwa wangu."

"Hapana, wewe ndiye mkubwa, tangulia."

Heshima ambayo baba zao nusura wapigane kwa ajili yake, sasa walikuwa wanagawiana bure. Jua likapanda. Ndama wakaanza kulia. Elias akazunguka kwa kila mmoja akibembeleza, shati limelowa jasho. Mimi nikafoka mpaka sauti ikanikauka, nikajiuliza kama kweli nimeacha kitanda kizuri mjini kwa ajili ya watu hawa.

Ndipo Mzee Masanja akatokea nyuma, akipunga fimbo. Alikuwa hajazungumza nami tangu siku ile.

"Pisheni," alisema. "Tangu lini Masanja akafuata mkia wa mtu?"

"Utarudi?" nikamuuliza.

"Nitarudi. Lakini uwatangazie hawa kwamba ng'ombe wa Masanja ndio wanaowakorogea dawa. Wewe una sauti."

Sauti nilikuwa sina tena, lakini nikatangaza. Kundi lake likaingia, likatoka, likazungushwa, likaingia tena, na mwenyewe akasimama pale langoni kidevu juu, akihesabiwa heshima mara mbili. Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Yeye hutangulia na kurudi, mimi husimama langoni, na Elias hufanya kazi yake bila kutazama viatu. Mimi na Masanja tunagombana kila siku ya kuogesha, kuhusu ndama, kuhusu matope, kuhusu nani kaacha lango wazi. Nikirudi chumbani miguu inaniuma, tena inauma kweli, na nalala vizuri.

Kulwa hajakata tamaa. Juzi alinipigia nikiwa kazini, akasikia ng'ombe wanalia.

"Mama, mpaka lini? Kazi si ulishaimaliza?"

"Ile nilikuwa napita mara ya kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Nilikoroga tu. Niache nipite tena."

Nikakata simu, maana kundi la Masanja lilikuwa linapanda ngazi.