Boti Waliyouziwa na Shemeji

Fundi Mtoro alichomeka bisibisi kwenye ubao wa nyuma ya boti, pale inapofungwa injini, ikazama mpaka mpini. Alipoichomoa, yalifuata maji meusi yenye harufu ya uvundo.

"Umejionea mwenyewe, mama Naila. Nje ganda la faiba limepakwa rangi, linapendeza. Ndani ubao umekuwa ugali. Siku ya mawimbi injini itang'oka na ubao wake, maji yaingie nyuma. Dawa ni kuukata wote. Na huko ndani sijui tutakuta nini."

Wahida, mama yake Naila, alikaa juu ya mchanga. Alikuwa mkulima wa mwani hapo Mlingotini. Maji ya ufukweni yalikuwa yamezidi joto, mwani ukawa unafia kwenye kamba, na wanawake wenzake wakakubali kuhamia kina kirefu, kusikofikika kwa miguu. Ni yeye aliyesimama kikaoni akasema shemeji yake Kombo wa Pangani anauza boti, tena ni mtu wa kuaminika. Walimwamini, wakainunua. Nusu yao hawajui kuogelea.

Alimpigia Kombo simu.

"Shemeji, mliiona, mkaridhika, mkaichukua," Kombo alijibu. Kisha akauliza kwa upole, "Na hiyo nyumba yangu mnanitunzia vizuri?"

Wahida alielewa. Yeye na mumewe walikuwa wakiishi humo tangu aolewe.

Mumewe, Twalha, hakutaka hata kusikia. "Usinigombanishe na kaka yangu. Tuzibe kwa faiba, tupake rangi, tuwauzie watu wa mbali. Nani atajua?"

"Na wakizama?"

Twalha alivaa kofia yake, akatoka. Siku mbili zilizofuata Wahida alipika bila kuonja, na kila Mwanabaraka, mwenyekiti wa kikundi, alipouliza kama Jumamosi wanakwenda kina kirefu, alijibu inshallah.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alimkuta Twalha kwenye boti na kopo la gundi ya faiba, ameshaanza kuziba tundu la fundi. Wahida aligeuka. Alikwenda kwa Mtoro, akaazima msumeno, akarudi, akaanza kukata ubao kuanzia kona ya juu.

"Wahida! Una wazimu?"

Aliendelea kukata. Wanawake walikusanyika. Ubao ulipoanguka walichungulia ndani: mataruma, yaani mbavu za boti, yalikuwa yameoza hadi katikati ya boti. Hapo ndipo Wahida alipowaambia yote, pamoja na alivyojibu Kombo.

Mwanabaraka aligusa uozo kwa kidole. "Tungekufa," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini sasa hatuna boti, Wahida. Na ni wewe uliyetuambia tununue."

Waliamua itengenezwe, polepole, kwa mbao watakazopata. Wahida ndiye aliyepewa kazi ya kukwangua uozo. Siku ya nne alikuwa amejikunja ndani ya boti, mikono inamwasha kwa vumbi la faiba, Twalha alipokuja akasimama mbali kidogo.

"Kaka amepiga simu," alisema. "Anaitaka nyumba."

Wahida aliinua kichwa. "Umemjibu nini?"

"Nimemwambia tutahama," Twalha alisema, akitazama miguu yake. Wahida aliinama tena, akaendelea kukwangua.