Mikono Sita ya Kuazima

Walisema sitarudi na cheti. Siku niliyopanda basi Usevya nikiwa na begi moja na suruali mbili, mjomba wangu aliwaambia watu waliokuwa wanapiga mpunga kwamba nitarudi kabla ya mvua, nimekonda. Nikakaa Mwanza miaka kumi na moja. Nilibeba samaki kiwandani, nikalinda geti, nikasoma, na ada yote nililipa kwa mfuko wangu mpaka nikapata diploma ya maabara. Wakasema sitajenga. Nimejenga Mpanda mjini, vyumba vitatu na sebule, bati la msauzi jekundu, marumaru mpaka barazani. Wakasema huku hakuna kazi ya kisomo changu. Napima damu na mkojo kwenye zahanati ya mtu binafsi, na mtaa mzima unaniita Dokta. Mimi si daktari, lakini sijawahi kumsahihisha mtu.

Walipoishiwa hayo wakaja na jambo ambalo sikulitegemea. Wakasema mwanaume mwenye elimu yake hawezi kuchora ua kwenye ukucha, na hata akiweza, hakuna mwanamke wa maana atakayempa mkono wake. La kwanza niliwashinda mapema. La pili ndilo lililonisumbua.

Mambo ya kucha yalinianza Mwanza. Kazini nilikuwa napaka tone la damu kwenye kioo cha darubini liwe jembamba kama pumzi, na mkono ukitetemeka kidogo kioo kimeharibika. Wangu hautetemeki. Siku moja stendi nikamwona kijana wa kikapu, hawa wanaopita mtaani na chupa za rangi wakiwapaka akina mama kucha kwa elfu moja. Alikuwa anachora ua kwa njiti ya meno. Petali zilikuwa kama nyayo za bata. Nikanunua chupa mbili, nyeupe na nyeusi, nikaenda chumbani nikajichora kidole gumba cha kushoto. Ua la kwanza tu lilikuwa zuri kuliko lake. Nikalifuta kabla ya zamu, maana maabara haturuhusiwi rangi.

Sikuwahi kuwa kijana wa kikapu, na nataka hilo lieleweke. Nina mshahara. Kucha ni kitu ninachokifanya nikitoka kazini, kama wengine wanavyokwenda kuangalia mpira.

Nilikuwa na mchumba Mwanza. Nilipomwambia tuhamie huku alikataa, akasema Mpanda ndiko reli inakoishia. Nikamjibu kwamba kama inaishia huko, basi ndiko ilikokuwa inataka kufika. Jibu zuri, na bado naliona zuri, lakini nilihamia peke yangu. Nyumba ya vyumba vitatu ina sauti zake ukiwa mmoja. Friji likikoroma, unageuka kana kwamba mtu ameanza kuongea.

Ukitaka kujifunza, unaweza kugandisha kucha za kubandika kwenye gunzi la mahindi ukachora. Mimi nilifanya hivyo miezi mitatu. Lakini gunzi halina joto, halishtuki, halikuambii kwamba umebonyeza sana. Nilihitaji mikono ya watu, na hapo nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Huko Usevya na Mpimbwe nzima, mpunga ukiiva, mtu anamwazima jirani mkono. Unakuja shambani kwangu siku nzima, unavuna, hulipwi hata senti. Wiki inayofuata mimi naja kwako. Anayetoa hela mfukoni kumlipa jirani yake anaonekana amemtukana. Nimekulia humo, na sikuona sababu ya kufanya vingine mjini.

Wa kwanza kuniazima alikuwa jirani yangu wa mkono wa kulia, mama anayeuza vitumbua. Kucha zake zilikuwa zimekula mafuta, rangi haishiki mpaka uzisugue kwa ndimu. Yeye akamleta mwalimu wa chekechea, mwalimu akamleta wifi yake, wifi akawaleta wanawake wawili wanaouza dagaa sokoni. Wa sita alikuwa mke wa dereva wa bajaji, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwanamke mpole mwenye vidole virefu ambavyo mchoraji yeyote angeviombea. Wote niliwaambia maneno yaleyale: niazime mkono wako nijifunzie, nikishaiva nitakufanyia kazi kamili, vidole kumi, uchague mwenyewe unachotaka.

Walikuja barazani jioni, nikishafunga kazi. Niliharibu sana mwanzoni. Nilimchorea mwalimu kiboko akaonekana kama kiazi, akaenda hivyo hivyo darasani na watoto wakamwambia ni kiazi. Lakini kilichokuwa kizuri hakikuwa kuchora. Rangi ya kawaida inachukua nusu saa kukauka vizuri, na mtu mwenye kucha mbichi hawezi kushika kitu wala kwenda popote. Basi anakaa. Amenyoosha vidole mbele yake, anavipuliza, na anaongea. Nilisikia habari za mtaa mzima kwenye baraza ile. Mama wa vitumbua alikuwa ananitania hata mbele ya wageni. Alisema nikioa, mke wangu atakufa njaa akiwa amenyoosha vidole, anasubiri zikauke.

Jioni moja walikuwa watatu, na joto lilikuwa kali. Mke wa dereva akasema ana kiu. Kucha zake zote kumi zilikuwa mbichi, nimemchorea mashuke ya mpunga, saa nzima ya kazi. Nikaleta glasi ya maji nikamshikia mdomoni anywe. Wenzake walikuwa wanacheka, yeye mwenyewe alikuwa anacheka, maji yakamwagika kidevuni. Wakati huohuo bajaji ya mumewe ilipita. Haikusimama.

Kesho yake dereva alikuja kwa miguu. Alipiga hodi vizuri, tukasalimiana, nikampa kiti akakataa. Ni mtu wa maneno machache.

"Dokta, nataka kujua kitu kimoja. Mke wangu unamtoza shilingi ngapi?"

Nikamwambia simtozi kitu, ananiazima mkono tu.

"Hakulipi hela?"

"Hanilipi."

"Sasa analipa nini?"

Nilimweleza habari ya mpunga, jinsi tunavyoazimana mikono kwetu. Yeye ni mtu wa kuja, amekulia mjini, alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Kisha akasema kijana wa kikapu anamshika mke wake mkono barabarani mbele ya watu wote na yeye hana neno, kwa sababu yule anatafuta elfu yake. "Wewe hela unayo, nyumba unayo, mke huna. Na hutaki hela." Akaaga, akaondoka.

Mke wake hakuja tena. Katika wiki mbili waliobaki nao waliacha, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake wa heshima. Wale wa dagaa walisema biashara imekaza. Mwalimu alisema ana mitihani, mwalimu wa chekechea. Mama wa vitumbua aliendelea kuniuzia vitumbua asubuhi, lakini hakuvuka tena kuja barazani, maana naye ana mume.

Sikumfuata mtu. Nilijiambia kwamba sijasoma kwa shida ile yote ili nikaombe watu wanielewe. Nikarudi kwenye gunzi, na naweza kusema bila kuona aibu kwamba miezi ile nilifanya kazi ambayo Mpanda haijapata kuiona. Nilichora mpunga kwenye kucha kumi za kubandika, kuanzia kitalu mpaka gunia limeshonwa. Maji ya jaruba niliyapata kwa kuchanganya kijivu na tone la kijani. Mbegu moja moja niliichora kwa unywele wa mswaki. Nilichora pia viboko wa mto Katuma kiangazi, wamebanana kwenye tope mpaka huoni maji, na safari hii hawakuwa viazi. Nikaagiza Dar taa ya kukaushia, unaingiza vidole ndani, rangi yake maalumu inakauka kwa dakika moja. Taa ile ilifika na basi, nikaifungua mezani, nikaingiza kidole changu mwenyewe. Ikakauka. Nikatazama huku na huku, hakuna wa kumwonyesha.

Kucha za mpunga nilizigandisha kwenye kibao nikampelekea mama yangu Usevya. Yeye amekataa kuhamia kwangu, anasema marumaru yanamtelezesha. Alikiweka kibao juani, akakitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye ukucha wa saba.

"Huu umeiva?"

Nikamwambia ndiyo, umeiva.

"Mbona umesimama? Mpunga ulioiva unalala. Huu wako ni mapepe matupu, hauna punje ndani."

Nikaufuta nikauchora upya palepale, kwenye mkeka wake, shuke limeinama. Akaridhika. Nilipomwomba nimpake yeye hata kidole kimoja, alificha mikono kwenye kanga akacheka, akauliza ugali ataukandaje. Nililala siku mbili. Basi la kurudi lilikuwa nusu tupu, na nilikaa na kibao mapajani mpaka Mpanda.

Asubuhi iliyofuata mama wa vitumbua alikiona kibao mikononi mwangu wakati nachukua chenji. Alikivuta, akakitazama mbele ya wateja, moto ukaunguza vitumbua vya upande mmoja. Akasema hajaona kitu kama kile. Halafu akashusha sauti.

"Weka bei, Dokta."

Nikamwambia mimi si kijana wa kikapu.

"Najua wewe si kijana wa kikapu, na kila mtu anajua, ndiyo tatizo lenyewe. Weka bei. Elfu moja kama yule. Mume wangu akiuliza nimwambie nimelipa elfu, atanyamaza."

Nikamwambia nilikuwa nadaiwa nao kazi, mimi ndiye mwenye deni, nitamtozaje mtu anayenidai. Akasema deni la kucha nilipe kwa kucha, na elfu ni ya kufunga midomo ya watu. Akageuza vitumbua.

Ilinichukua siku tano. Watu wanaonijua watashangaa, maana mimi huwa naamua haraka. Siku ya sita nilikwenda kijiwe cha bajaji baada ya kazi, nikiwa na koti langu jeupe, sikulivua makusudi. Dereva alikuwa anafuta kioo. Nikamwambia bei yangu ni elfu moja, vidole kumi, na kwamba mkewe namdai kazi, yaani ananidai mimi kazi kamili tangu zamani, na Jumamosi nitawalipa wote sita kuanzia asubuhi. Maneno yalinichanganyika, jambo ambalo halinitokei. Madereva wengine walikuwa wanasikiliza. Mmoja akauliza kama naosha na miguu.

Dereva alimaliza kufuta kioo. "Elfu moja," akasema. "Sawa. Nitamleta mwenyewe, saa kumi na moja."

Jumamosi ile nilianza saa moja asubuhi. Mama wa vitumbua alichagua maua mekundu. Wale wa dagaa walitaka samaki, mmoja kila kidole, na niliwapa mpaka magamba. Mwalimu alitaka herufi, wifi yake akataka dhahabu tupu bila mchoro, akapata dhahabu iliyonyooka kama kioo. Katika kucha hamsini sikukosea hata moja. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na waliokuwepo wanaweza kuulizwa.

Lakini nilitumia taa. Niliwaahidi kazi bora, na taa ndiyo bora. Kila mmoja aliingiza vidole, dakika moja, akavitoa vimekauka. Akavisifu, na alivisifu kwa dhati, kisha akafungua pochi kwa vidole hivyohivyo, akaweka elfu mezani, akaaga. Mama wa vitumbua peke yake ndiye aliyesimama kidogo mlangoni, ila alikuwa ameacha unga umeumuka. Saa tisa mchana nilikuwa na noti tano na viti vitano vitupu.

Saa kumi na moja bajaji ikasimama. Dereva alikaa kwenye kiti alichokikataa siku ile, simu mkononi. Mkewe alichagua mashuke ya mpunga tena, yale ambayo hakuyafaidi. Nilimchorea yakiwa yameinama. Kazi ile ilinichukua saa nzima, na tuliongea habari za mvua tu. Lakini rangi niliyochukua tangu mwanzo ilikuwa ya kawaida, ile ya chupa.

Nilipomaliza nikafunika chupa nikasema hizi zinataka nusu saa.

Dereva akaitazama taa mezani. "Hiyo haiwaki?"

"Inawaka," nikasema.

Alinitazama, akaitazama taa tena. Kisha akaweka simu mfukoni, akanyoosha miguu. Mkewe akanyoosha vidole mbele yake akaanza kupuliza. Baada ya muda dereva akauliza kama ni kweli barabara ya kwenda Mamba, upande wa kwetu, imekatika, maana ana abiria wa Jumatatu, nikamwambia nilipita majuzi nikitoka kwa mama, ni tope tu mahali pawili. Akasema bajaji haitapita. Mkewe akasema ana kiu. Niliingia ndani nikaleta glasi ya maji, nikampa dereva, naye akamshikia mkewe mdomoni anywe, vibaya, maji yakamwagika, mwanamke akacheka. Tukakaa. Giza lilikuwa bado, na niliwahesabia nusu saa bila kutazama saa.

Mwanamke akagusa ukucha mmoja kwa mdomo kuona kama umekauka. Ulikuwa umekauka.

Dereva akasimama, akatoa noti ya elfu moja, akanipa mkononi, hakuiweka mezani. "Dokta, tumemalizana," akasema. Nikamwambia ndiyo, tumemalizana. Hapakuwa tena na mtu Mpanda aliyenidai kitu. Akawasha bajaji, mkewe akapanda nyuma, mikono yake ameiweka mapajani, viganja chini, wakaenda nyumba ya tatu.