Mmarekani Aliyetaka Aproni Yangu

Kwetu Uvira mtu hatoi sura yake akiwa na nguo za kazi. Ukijua utapigwa picha, unaoga, unavaa kitenge chako kizuri, unafunga kilemba, unakaa wima, mikono mapajani. Ndivyo nilivyofanya siku mchoraji Mmarekani alipokuja kunichora Rosettenville, hapa Johannesburg, kwenye kibaraza ninaposhonea nguo, karibu na robot, zile taa za kuongozea magari.

Alinitazama juu mpaka chini. Kisha akamuuliza Orpha, msusi jirani yangu ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, aproni yangu iko wapi.

"Anataka ile yenye mafuta ya cherehani," Orpha akasema. "Na uiname ushone, kama alivyokuona jana."

"Mwambie jana sikuwa na mgeni."

Orpha akacheka. "Mama Exaucé, eish. Mtu ametoka Amerika kuja kuona jasho, wewe unamletea marashi."

Nilikuwa na sababu yangu. Nilishona miaka yote ambayo Gervais, mume wangu, alikuwa akisomea uhasibu, na nikaendelea kushona alipopata ofisi Fordsburg. Siku moja nilimpelekea chakula kazini. Aliwaambia wenzake, mimi nimesimama pale pale, kwamba mke wake hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Alinionea haya. Baadaye akahamia kwa mwanamke wa ofisi hiyo hiyo. Sasa picha yangu ingetundikwa kwenye jumba la sanaa, watu wetu wangeirusha kwenye simu, na ingemfikia. Sikutaka anione nimeinama.

Mmarekani akageuza ndoo, akaikalia. Alisema kwao kazi ya mikono ni heshima. Baba yake alikuwa mwashi, na watu walimsifu mpaka alipokufa. Hapo nikataka kujua zaidi.

"Muulize, huyo baba alimfundisha kujenga?"

Akatikisa kichwa. Baba alimkataza hata kushika mwiko.

"Na watoto wake mwenyewe?"

Ana binti anayesomea sheria. Akasema binti akitaka kuwa fundi, yeye atafurahi. Akatazama viatu vyake kidogo, akaongeza kwamba labda asingefurahi siku hiyo hiyo.

Nililifikiria jambo hilo wiki nzima. Kumbe wanaiheshimu kazi hii ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Gervais hakuiheshimu mikononi mwa yeyote. Mpaka leo sijui nani kati yao ni afadhali. Lakini Mmarekani alikubali kunichora na kitenge changu.

Siku ya kufungua maonyesho nilikwenda na Orpha. Kulikuwa na mchomeleaji wa Diepsloot katikati ya cheche, mwosha magari aliyelowa, mwanamke na ufagio. Wote wameinama. Mimi peke yangu nimekaa. Kitenge kilitoka vizuri, hata mabega yake yaliyosimama, ambayo yalinisumbua sana kuyashona.

Chini ya picha palikuwa na karatasi ndogo ya Kiingereza.

"Inasema nini?"

Orpha akasoma. "Mwanamke aliyepumzika."

"Soma tena."

Alisoma tena, maneno yale yale. Yalikuwa maneno ya Gervais, yamebandikwa ukutani. Nikamfuata Mmarekani katikati ya wageni wake.

"Mwambie kitenge cha kwenye picha nimekikata na kukishona mwenyewe. Kazi anayoitafuta nimeivaa."

Waliongea kidogo. "Anaomba radhi," Orpha akasema. "Anauliza aandike nini."

"Jina langu: Fundi Clémentine."

"Kwa Kiswahili? Wazungu watajuaje fundi ni nini?"

"Watauliza."

Mmarekani akabandua ile karatasi, akaigeuza, akanipa kalamu. Niliandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa, naye akaibandika tena. Kisha nikasimama pembeni ya picha, nikamwambia Orpha anipige picha kwa simu na ahakikishe karatasi inasomeka.