Majani Niliyoyaosha Mno

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa ulimi kabla ya kichwa. Nilikuwa bibi-arusi mpya hapa Mangobo, nimeletwa na treni ya Ubundu kutoka kwetu Maniema, na kwa mara ya kwanza nawapikia wakwe. Wakiridhika, mama mkwe angenikabidhi mwiko wa nyumba. Wasiporidhika, ningebaki mgeni wa kuosha sahani.

Nilipika lituma, ndizi zilizotwangwa na maharage, chakula kinachokaa tumboni kama jiwe. Kando yake nikaambiwa niandae kongobololo, yale majani machungu ya uani. Nikayasugua, nikayakamua, nikabadilisha maji mpaka yakawa meupe kama ya mvua. Kutaka kupendwa nako kuna pupa yake, na mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Papa mkwe alishiba lituma, akavuta bakuli la majani. Akatafuna. Akatafuna tena, akachungulia chini ya meza, akamgeukia mkewe.

"Mama, nani aliiba buchungu yangu?"

Wifi yangu akaangua kicheko. "Bon, tumurudishe na treni yake!"

Machozi yakanilenga. Mama mkwe akanishika mkono, akanipeleka uani penye majani.

"Mutoto, papa anakula hii ili lituma ishuke. Ukitoa buchungu yote, unabakisha nini? Chakula ya mbuzi!"

"Sasa mama, niache kiasi gani?"

"Voilà! Hiyo ndiyo ulipashwa kuniuliza asubuhi. Osha mara moja, basi."

Nikachuma mengine, nikaosha mara moja, nikachemsha. Papa akala, akafumba jicho moja, mabega yakamtetemeka. Tukangoja. Ndipo alipocheua kwa kishindo cha kutawanya kuku.

"Tumbo imeitika! Mumupe mwiko."

Wifi naye akasogeza sahani nimpakulie.

Basi mwanangu, ukila vizito, weka uchungu kidogo pembeni: ulimi utanung'unika, tumbo litashukuru. Kidogo, nimesema, maana dawa ikizidi hugeuka sumu. Ukiwa na mimba, uliza kwanza. Na tumbo likiuma kila kukicha, usijifiche nyuma ya majani, mwone daktari. Ukifika ugenini, uliza kabla ya kuosha. Kuuliza si ujinga. Mimi ujinga wangu ulikuwa kwenye beseni.

Mungu akujalie chakula cha kushiba, majani ya kukishusha, na mama mkwe wa kukushika mkono wengine wanapocheka.