Mafuta ya Bunduki za Makangale

Siku niliyoripoti kazini, Sajini wa ghala la silaha hakunionesha bunduki hata moja. Aliniwekea makopo mawili mezani, akaniambia nitie kidole katika kila kopo nimweleze ninachohisi. La kwanza lilikuwa na mafuta mepesi, yanayoteleza kama maji. La pili lilikuwa na grisi nzito iliyonata kidoleni.

"Haya mepesi ni ya bunduki inayotembea," akasema. "Hii nzito ni ya bunduki inayolala. Ukiyachanganya, mie na weye hatutaelewana."

Hapo ilikuwa Wete, na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu ghalani. Kikosi chetu kililinda misitu na mwambao wa kaskazini, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mlinzi anatoka na bunduki inayofanya kazi. Pemba chuma hakina raha. Hewa ina chumvi, mvua ni nyingi, na bunduki ukiiacha kavu haichukui muda kushika kutu. Grisi nzito huifunika isipate hewa, ndiyo maana huifaa bunduki iliyowekwa akiba. Lakini ukimpa mtu aingie nayo msituni imejaa grisi, hukamata mchanga na vumbi, na mchanganyiko ule husaga chuma kama msasa. Bunduki ya doria hutaka mafuta mepesi, tena kidogo tu. Na mtutu, yaani lile bomba inamopita risasi, hupanguswa ukakauka kabla ya kupiga, maana mafuta yakijaa mle huweza kuupasua.

Hayo ndiyo aliyonifundisha Sajini. Alipostaafu, mimi nikahamishiwa kambi ya Makangale, kwenye msitu wa Ngezi.

Mkuu wa Kambi alikuwa mtu wa Unguja, mkali lakini mwenye haki. Alikula tulichokula, na hakumtuma mtu pahala asipokwenda mwenyewe. Mwaka mmoja mafuta yetu ya kawaida yalichelewa, tukaletewa badala yake ndoo ya msaada kutoka nje. Mafuta yalikuwa meupe, mazito kiasi, na maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Nilipoifungua ndoo, harufu iliyotoka ilikuwa ya shahamu. Walinzi waliokuwa mlangoni wakatazamana.

Kufika adhuhuri kambi nzima ilikuwa inasema ni mafuta ya nguruwe. Mlinzi mmoja aliyekwisha kuyashika nilimkuta kisimani, anaosha mikono kwa udongo, kama najisi ile inavyotaka. Koplo Hamad, jirani yangu wa mtaa wa Jadida na mtu niliyemheshimu, akaja kuniuliza.

"Bi Mize, haya mafuta ya mnyama gani?"

"Sijui, Koplo."

"Basi kama weye hujui, mie siyashiki. Nnatoka doria na udhu wangu. Nikifa msituni, nife safi."

Nikaenda kwa Mkuu. Nikamwambia walinzi hawataki kuyagusa, na kwamba Wete yanapatikana mafuta ya mashine yatokanayo na petroli, ambayo hayana mnyama ndani yake. Nikaomba ruhusa ya kuyafuata.

"Bunduki haiswali, Bi Mize," akanijibu. "Tumepewa mafuta, tutumie. Leo tukikataa ndoo, kesho walinzi watakataa viatu."

Nikarudi ghalani. Niliwaambia walinzi wote, Hamad akiwemo, kwamba asiyetaka mafuta yale aipanguse bunduki yake kavu kila jioni, na asitie mafuta ya kupikia kabisa. Wengi walifanya hivyo. Hamad aliona kutu imeanza kushika bunduki yake, akaogopa kuharibu mali ya kikosi. Akatia mafuta ya nazi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, mafuta safi ambayo mkewe ameyakamua kwa mkono wake.

Ilikuwa wakati wa kipupwe. Kila mwanamke wa Pemba anajua mafuta ya nazi yanavyokuwa kipupwe: asubuhi unayakuta chupani yameganda, meupe kama mshumaa.

Alfajiri moja doria yao iliwakuta watu wanakata miti ndani ya Ngezi. Hamad alikuwa mbele. Akawaamuru wasimame, akainua bunduki apige juu kuwatisha. Ikalia "ta," basi. Akavuta tena, ikalia vilevile. Mmoja wa wale watu akaona Hamad ni kama hana kitu mkononi, akamjia na panga. Hamad alijikinga kwa mkono wa kulia. Wenzake walipofika mbio, wakataji walikwishatoweka, naye amekaa chini ameushika mkono wake, damu inamwagika, anasoma shahada.

Alipona. Lakini vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena.

Bunduki yake niliifungua mbele ya Mkuu. Ile pini inayopiga risasi kwa nyuma ilikuwa imezungukwa na mafuta yaliyoganda. Ilikuwa inakwenda polepole, inaigusa risasi bila ya nguvu ya kuiwasha. Mkuu aliyachota kwa ukucha, akayanusa.

"Nazi," akasema.

"Ndiyo, Afande."

Akaketi juu ya sanduku la risasi. "Nilidhani wanabisha kazi," akasema. "Kumbe walikuwa wananiuliza."

Siku ile ile tukafuatana Wete kwa Mzee Jayanti, Mhindi aliyekuwa akiuza vyerehani na vipuri. Mkuu alimuuliza kwa adabu, mafuta gani hayana shaka yoyote ya mnyama. Mzee Jayanti hakucheka.

"Hata mimi, kwa dini yangu, mafuta ya mnyama siingizi dukani, Bwana Mkubwa," akasema, akatutolea galoni ya mafuta ya mashine. Ile ndoo ya msaada Mkuu aliizika. Ilikuwa mafuta ya nini hasa, hatujui mpaka leo.

Hamad alipotoka hospitali hakuweza tena kushika bunduki ya doria. Mkuu akamleta ghalani kwangu. Nilihofu atakuwa na uchungu na mimi au na kazi, lakini alijifunza kufungua bunduki kwa mkono wa kushoto, na baadaye tukahamishwa pamoja kwenda Mtambile. Walinzi wapya walikuwa wakimsikiliza yeye kuliko mimi. Hakuwahutubia. Aliwaonesha ule mkono, kisha akawapa kitambaa.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wananiuliza kazi ile ilinifunza nini, na mimi huwajibu mambo ya kutu na mchanga, maana ndiyo niliyoyajua kwa mikono yangu. Lakini siku niliyokabidhi funguo, dada aliyerithi kazi yangu aliniuliza mafuta gani ni bora kuliko yote. Nikafungua mdomo kumtajia uzito na aina, Hamad akanitangulia.

"Yale ambayo mlinzi atayapaka akiwa peke yake, Bi Mize hamuoni," akasema.

Nikamkabidhi yule dada funguo.