Redio Ashika Bisibisi Tena

Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu kabla ya ugonjwa hakukuwa na redio iliyomshinda. Kisha asubuhi moja mkono wake wa kulia ukakataa kushika kikombe. Hospitalini alipewa dawa na mazoezi ya vidole. Nyumbani alipewa kiti karibu na dirisha. Mkono ulirudi, lakini ulirudi ukitetemeka, na bisibisi zake zikabaki ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, zikila vumbi.

Mkewe, Mama Chapa, alipiga chapa barua na mitihani ya watu katika chumba cha mbele. Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, ungeweza kufagia chumba, kupanga karatasi na kugombana na mtu mpaka mkapatana, nayo bado inaguna.

Siku mdogo wake alipomletea diski mpya, hizi za SSD zisizo na kitu kinachozunguka ndani, alisema, "Dada, nimwite yule fundi wa pale kona aifunge."

"Fundi yupo," akasema Mama Chapa, akielekeza kidevu dirishani.

"Shemeji? Huyu si ataifunga kwenye redio!"

"Na wewe nitakufunga humo humo, utusomee taarifa ya habari," Redio akajibu bila kugeuka. Lakini masikio yalimwaka. Alijua, na mkewe alijua, kwamba akishindwa leo hatalishusha tena lile kopo.

Hakutaka kusaidiwa. Skrubu zilimponyoka, zikabingirika chini ya meza, na Mama Chapa akajitia kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Hatimaye diski mpya ikakaa ubavuni mwa ile ya zamani, kila moja na waya wake. Redio akachomeka flashi, akaweka mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta kwenye diski mpya, akanakili humo mafaili ya mkewe. Akazima na vile vijiprogramu vilivyozoea kuamka na mashine bila kuitwa na mtu. Alipoiwasha upya, Mama Chapa alikuwa hajamaliza kuvuta kiti.

"Imeshaamka?"

"Imeshaamka."

Mama Chapa akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau.

Basi Redio akaizima, akaitoa diski ya zamani ili ikapumzike kabatini, akawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe: hakuna diski ya kuwashia.

"Si nilise..." shemeji akaanza, akauona uso wa Redio, mzaha ukamkauka mdomoni.

Redio akarudisha bisibisi kwenye kopo. "Mwite fundi wako."

"Atakuja," akasema Mama Chapa. "Lakini kwanza niambie mimi imekufa kwa nini. Zamani hakuna redio iliyokufa humu usinieleze, hata chakula kipoe."

Redio akazitazama zile diski mbili. Kisha akasema polepole, "Niliziacha zote zimechomekwa wakati naweka mfumo. Mfumo umekaa kwenye mpya, lakini kile kipande cha kuamshia kimejiweka kwenye ya zamani. Hii mpya ina kila kitu. Haijui kuamka peke yake tu."

"Basi turudishe ya zamani."

"Itawaka, ndiyo. Ila siku hii kuukuu ikifa, mpya itazimika nayo." Akalivuta kopo. "Naanza upya, ya zamani ikiwa nje. Mafaili yako bado yamo kwenye hii ya zamani, usihofu."

Bisibisi iligonga ukingo wa kopo, ikagonga tena. Aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Halafu nilikaza skrubu moja tu," akasema. "Nyingine zilinishinda. Hebu nishikie hapa, mama."

Tangu augue hakuwa amewahi kulitamka neno hilo, nishikie. Mama Chapa akamshika kifundo cha mkono, wala hakukibana, akakiegemeza tu.

"Na mimi je, shemeji?"

"Wewe ingia chini ya meza utafute skrubu. Huko ndiko kunakokufaa."

Akaingia, akicheka, akatoka na vumbi kichwa kizima.

Jioni kompyuta iliamka yenyewe, diski ya zamani ikiwa imelala kabatini. Lile kopo halikurudi juu ya kabati. Liko kando ya printa mpaka leo, na mteja akija na kompyuta inayoguna, husikia Redio akiita kwa sauti isiyo na aibu, "Mama, njoo unishikie."